Kukaanga kimea nyumbani kwa ajili ya bita ya Kiingereza: oveni, mkaa au kikaango?

MbeziKimea:
Wakuu, salaam. Anayetaka kutengeneza bita (bia chungu ya Kiingereza, isiyo na kilevi kingi) hapa Dar mara nyingi anapata kimea cheupe cha shayiri peke yake. Vimea vya rangi ama havipo, ama bei inakatisha tamaa. Dawa yake ni kukaanga sehemu ya hicho cheupe mwenyewe. Nazilinganisha njia tatu, wenye ujuzi zaidi mniongezee.

Oveni: tandaza kimea kizima, kisichosagwa, kwenye trei, unene usizidi sentimita 2. Joto nyuzi 175. Dakika 15 kinanukia karanga kwa mbali. Dakika 30 kinanukia ganda la mkate uliotoka kuokwa, na hapo ndipo bita inapopataka. Ukikiacha saa nzima unaelekea kwenye kimea cha kahawia kinachofaa pota (bia nyeusi ya Kiingereza), na kwa bia nyepesi kama hii kitaifunika hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu). Geuza kila dakika 5 kwa sababu pembe za trei huwahi kuiva. Nunua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni, maana namba za kwenye kitufe si za kuaminika. Gharama haitishi: oveni ya kilowati 2 haizidi uniti 2 za umeme wa LUKU kwa saa.

Mkaa juu na chini, kama wanavyooka keki: inawezekana, ila joto hulioni na moshi ni hatari.

Kikaango juu ya gesi: gramu 200 kwa mkupuo, moto mdogo, dakika 15 hadi 20, mwiko hautulii. Shida yake ni kwamba ganda linaungua wakati moyo wa punje bado mweupe. Ganda lililoungua linaleta ukakasi unaobaki kooni, na hakuna hopsi itakayouficha.

Mpangilio wangu ni oveni, mkaa, halafu kikaango.

PipaLaTabata:
Mkuu, mkaa umeupunja. Si kila nyumba ina oveni, na mkaa ukiuendesha vizuri unatoa kimea safi kabisa. Tumia sufuria pana ya chini nene, gramu 300 tu. Subiri mkaa ushike wote mpaka uwe na majivu meupe, pasiwe na kipande cheusi wala ulimi wa moto, kwa sababu moshi wote hutoka kwenye mkaa ambao haujashika. Chini weka vipande vitatu vinne, vingine vyote viwe juu ya mfuniko. Tikisa sufuria kila dakika 3 bila kufunua. Kuanzia dakika ya 15 toa punje kumi, zipasue kwa wembe kwa urefu, utazame ndani. Ukiona rangi ya siagi bado. Ukiona kahawia hafifu iliyosambaa sawasawa, ipua na umwage kwenye trei baridi hapohapo, kwani sufuria ya moto inaendelea kukaanga hata ikiwa chini. Punje zikitofautiana sana kati yake, chini kuna moto mwingi.

MbeziKimea:
Hilo la wembe ni muhimu kwa njia zote tatu, asante sana. Rangi ya nje inadanganya.

Shayiri_Kgb:
Naomba kuuliza wakuu. Nikikaanga hivi nitakuwa nimepata kimea cha kristali?

DadaChachu:
Hapana ndugu yangu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kristali hutengenezwa kwa kimea kibichi ambacho hakijakaushwa: kinafungiwa unyevu kwenye nyuzi 65 hadi 70, wanga unageuka sukari ndani ya ganda, ndipo kinakaangwa. Utamu wa karameli unatoka hapo. Ukikaanga kimea kikavu unapata ladha ya mkate na karanga, utamu hakuna. Unaweza kusogea karibu: loweka kimea cheupe saa moja, chuja, kifunike kwenye trei yenye foili saa moja na nusu kwa nyuzi 68, kisha funua, panga tabaka jembamba na ukaange kwa nyuzi 175 saa moja hadi moja na nusu. Kitakuwa na utamu kiasi. Binafsi naona bita inasimama vizuri na kimea kikavu peke yake, mradi mashi (kimea kilichosagwa kikiwa kwenye maji ya moto) iwe nyuzi 67 ili mwili usiwe mwepesi kupita kiasi.

Jambo jingine ni kukipumzisha. Kimea kilichotoka motoni kina harufu kali, kiache wiki mbili kabla ya kupikia. Vitabu vya nchi za baridi vinasema kiache kwenye mfuko wa karatasi muda wote. Kwa hewa ya Dar, usifuate. Siku mbili kwenye karatasi zinatosha, baada ya hapo weka chombo chenye mfuniko unaobana na ukifunue kidogo kila siku. Kabla ya kusaga, uma punje: ikivunjika kwa mlio ni sawa, ikilegea chini ya jino imeshavuta unyevu, irudishe kwenye oveni nyuzi 90 kwa dakika 20.

KigamboniLita20:
Kwenye soko la Tandale kimea cha ulezi kinapatikana kwa urahisi. Hakiwezi kuchukua nafasi ya hicho cha kukaangwa?

PipaLaTabata:
Kwa mbege ndiyo, kwa bita hapana. Wanga wa ulezi unahitaji joto kubwa kuliko wa shayiri ili ulegee, na punje zake hazina ganda la kutengeneza chujio, kwa hiyo mashi inaziba. Halafu ladha si ya bita.

Shayiri_Kgb:
Basi tupeni vipimo, tafadhali.

DadaChachu:
Lita 20 ndani ya ndoo, ukikadiria unavuna asilimia 70 ya sukari:

Kimea cheupe kilo 3.4 (ukipata cha Maris Otter, aina ya shayiri ya Uingereza, vizuri zaidi)
Kimea cha kukaanga dakika 30, gramu 400
Hopsi za East Kent Goldings zenye asidi ya alfa asilimia 5: gramu 40 zichemke dakika 60, gramu 20 zichemke dakika 15 za mwisho, gramu 20 ukizima moto
Hamira ya bia S-04, pakiti moja ya gramu 11.5

Haidromita (kipimo cha uzito wa kimiminika, kinachoonyesha sukari iliyomo) isome karibu 1.040 mwanzoni na 1.010 mwishoni, yaani kilevi kama asilimia 3.9. Usivuke asilimia 15 ya kimea cha kukaanga. Moto umeua vimeng'enya vyake, kwa hiyo kinategemea kile cheupe kigeuziwe wanga wake, na ladha nayo inakuwa kavu mno.

Maji ya mashi lita 10, yamimine yakiwa nyuzi 73. Vitabu vya Uingereza vitakuambia 75 kwa sababu kimea chao kina nyuzi 18 au 20. Cha kwetu kiko 28 kabla hujakigusa.

MbeziKimea:
Na maji yenyewe yaangaliwe. Ya bomba yana klorini. Robo kidonge cha Campden (dawa ya kuondoa klorini) kwa lita 20 inatosha, au yachemshe dakika 15 na uyaache wazi usiku kucha. Ukiipuuza, klorini inashikana na vitu vya kwenye kimea na bia inanuka dawa ya hospitali. Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie kabisa. Kwa uchungu ulionyooka kama wa bia za Burton, mji wa Uingereza, ongeza jasi gramu 6 kwenye jumla ya lita 28 za maji yote ya kupikia, iwe jasi ya chakula, si ile ya mafundi wa dari.

KigamboniLita20:
Joto la kuchachulia mnalidhibiti vipi? Kitambaa kibichi na feni vinatosha?

PipaLaTabata:
Unyevu wa pwani hauruhusu kitambaa kukauka, kwa hiyo hakipoozi. Tafuta beseni kubwa, weka ndoo ndani, maji yafike nusu yake, na chupa za lita 1.5 zilizogandishwa: mbili asubuhi, mbili usiku, ukilenga nyuzi 19. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda, chachu inapofanya kazi kwa nguvu na kujipasha yenyewe. Ikivuka 24 utapata harufu ya matunda yaliyoiva mno na kilevi kinachochoma. Friji yenye kidhibiti joto ni bora kuliko yote hayo, kwa aliyejaliwa.

Kupoza baada ya kuchemsha nako kuna mtego: maji ya bomba yana nyuzi 28 hadi 30, hayawezi kukufikisha 19. Tumia bomba hadi 35, malizia kwa barafu nje ya sufuria, ndipo utie hamira.

Shayiri_Kgb:
Sukari ya kwenye chupa?

DadaChachu:
Gramu 65 kwa lita 20, ichemshe kwenye maji kidogo kwanza. Hakikisha haidromita imesoma namba ileile siku tatu mfululizo, vinginevyo chupa zitapasuka. Bita haitaki gesi nyingi. Na usiinywe ya baridi kali ya friji: itoe, isubiri ifike nyuzi 12 hivi, ndipo utasikia kimea chako.