Kombolela ya simu Mji Mkongwe: GPS inaruka ukuta

kopo_la_tatu: Wakuu, naomba mwongozo. Mchezo ni kombolela ya simu, watu 8, vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Mtafutaji akifika mita 10 kutoka kwa aliyejificha, seva inahesabu kakamata. Shida: wawili wanatazamana uso kwa uso, simu inasema mita 35. Mwingine yuko kichochoro cha pili, ukuta katikati, anahesabiwa kanaswa. GPS nasoma kila sekunde na betri haimalizi raundi mbili.

fundi_ramani: Hiyo mita 10 ndiyo kosa. Mahali peupe simu hukosea kama mita 5. Kati ya kuta ndefu za mawe, mawimbi ya setelaiti hugonga ukuta kabla ya kuifikia simu, kosa linakuwa makumi ya mita. Tena una simu mbili: kila moja ikikosea mita 15, umbali kati yao unakosewa kama mita 21. Isome namba ya usahihi inayokuja na kila kipimo. Kwenye Android, 20 maana yake ni asilimia 68 tu kwamba mtu yumo ndani ya duara la mita 20. Ikizidi 30, kitupe.

Halafu GPS isikamate, iruhusu tu kukamata. Vipimo 3 mfululizo chini ya mita 40, kitufe kinawaka; kizime wakifika mita 60. Ukiwasha na kuzima palepale kwenye 40 kitakuwa kinapepesa tu. Kitufe kikiwaka, simu ya mfichaji ionyeshe tarakimu 4, mtafutaji aziandike.

bibi_seva: Na mfichaji akiitia simu mfukoni? Bora kadi ya karatasi kifuani yenye tarakimu 3. Mtafutaji akiiona, anaiandika. Asiyeona hawezi, ukuta umefanya kazi yako. Akibahatisha akakosea, simu yake inafungwa sekunde 30. Aliyekombolewa anachukua kadi mpya kwenye kopo. Kombolela ya mtaani nayo lazima umwone mtu ndipo umtaje.

Betri: mtu anatembea kama mita 1.4 kwa sekunde. Sekunde 5 ni mita 7, ndogo kuliko kosa la GPS yenyewe, sasa kila sekunde unapima nini? Soma kila sekunde 5, shuka hadi 2 wakikaribiana mita 80. Tahadhari itolewe kwa mtetemo, kioo kizimwe. Kioo kinakula betri, na vespa za vichochoroni hazimsubiri anayetazama ramani.

fundi_ramani: Kadi imenishinda, nakubali. Nyongeza: usimwadhibu "anayekimbia" mita 30 kwa sekunde, mara nyingi ni GPS imeruka. Puuza kipimo hicho, subiri kinachofuata. Na pale isiposhika kabisa, mpe mchezaji sekunde 60 za kutoonekana, wenzake waone alama yake ya mwisho ikififia. Kwenye Can You See Me Now?, mchezo uliochezwa Sheffield, Uingereza, mwaka 2001, ambapo wakimbiaji wa mitaani wenye GPS waliwasaka watu waliocheza kwa kompyuta, wakimbiaji walijibanza kwenye maeneo hayohayo kisha wakawazukia wachezaji wa mtandaoni.

bibi_seva: Ila kopo lenyewe liwe peupe. Bustani ya Forodhani, pale ufukweni, anga lote wazi.