Mjadala: Ukijitambulisha, uanze na cheo au na kinachokusukuma?

Mwanahoja
Wadau, salaam. Kuna ushauri unaenea kwamba ukiambiwa "jitambulishe", acha cheo, sema kinachokusukuma. Mimi nauunga mkono. Cheo kinaeleza ofisi ilivyokupanga, basi. Maafisa tawala wa halmashauri mbili wanaweza kuwa na kazi zisizofanana hata kidogo.

Sekunde 45 zinatosha: jina, kinachokukosesha usingizi, na unachokifanyia. Mfano, mtu wa maji vijijini: "Naitwa Neema. Kisima kikilala wiki tatu kwa sababu ya mpira wa pistoni uliolika, situlii. Ndiyo maana nafundisha jumuiya za watumia maji kufungua pampu, kubadilisha mpira na kuweka miwili ya akiba." Cheo atakitaja akiulizwa. Wanaoliogopa hili zaidi ni watu wa "Eng." mbele ya jina, yaani wahandisi, wavue hizo herufi uone kama kuna kinachobaki.

Karani wa Jopo
Kwenye usaili utawapoteza vijana. Jopo lina karatasi ya alama: elimu, uzoefu, uelewa wa majukumu ya nafasi. Mtu akisema "napenda sana kusaidia jamii", msaili hana pa kuweka alama, na ndiyo sentensi ya wengi. Taja kazi kwanza, msukumo ufuate, tena uwe na kitendo ndani yake. Kipimo chake ni kuigeuza sentensi: kama hakuna anayeweza kusimama akasema "sipendi kusaidia jamii", basi hujasema kitu, ifute. Ya Neema inapita kwa sababu ya ule mpira wa pistoni.

Nondo 16
Mwanahoja, umetukosea heshima. Eng. si pambo! Ipo Sheria ya Usajili wa Wahandisi, ya 97 au 98 kama sikosei, na ukijiita mhandisi bila kusajiliwa ni kosa. Mtu anatoka chuoni, anakaa miaka 3 kwenye mafunzo chini ya msimamizi, ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Nguzo ikipasuka hatuulizi msukumo wa mtu. Tunauliza muhuri ni wa nani.

Bisibisi
Ni ya 1997, Namba 15.

Mama Shamsa
Nondo mwanangu, punguza moto. Muhuri unapigwa kwenye mchoro, haupigwi kwenye kamati ya harusi. Huko nako mtu anasimama na "Eng." yake, mwenzake aliyekuja na sufuria anakosa la kusema. Kwetu pwani mgeni aliulizwa kwao wapi, mtoto wa nani. Na enzi za ujamaa waziri na mkulima wote waliitwa Ndugu, na kazi zilikwenda.

Nondo 16
Shikamoo mama. Ndugu ilikuwa ya mikutanoni. Hata enzi hizo daraja halikuchorwa na kila ndugu.

Bisibisi
Nondo, hapo hapo. Mhandisi mhitimu naye yuko kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na hajamaliza hiyo miaka 3. Aandike Eng.? Akiandika, mwananchi atajuaje kwamba huyu bado anasimamiwa?

Nondo 16
Aandike daraja lake kamili: mhitimu, mtaalamu au mshauri. Wanaolificha daraja ndio wanaotuchafulia jina.

Mwanahoja
Ile kauli ya kuvua herufi ilizidi, naiondoa. Lakini nilizungumzia kujitambulisha, mmenipeleka kwenye michoro. Karani, aliyehitimu juzi hana cheo wala kazi ya kutaja. Aanze na nini kama si msukumo?

Karani wa Jopo
Aanze na alichosomea, kisha kitu kimoja alichokifanya kwa mikono yake, chenye idadi. "Nina stashahada ya maji. Kwenye mafunzo kwa vitendo nilipima kina cha maji kwenye visima 6 kila Ijumaa, wiki 8." Halafu ndiyo aseme kwa nini vipimo vile vilimshika. Akigeuza mpangilio, jopo linamkatiza kabla hajafika kwenye visima, na visima ndivyo vyenye alama. Asikariri neno kwa neno pia. Akikatizwa katikati atapotea. Akumbuke vitu vitatu tu: cheti, visima, sababu.

Mama Shamsa
Na aseme anatoka wapi.

Bisibisi
Nondo bado hujanijibu. Fundi sanifu aliyefunga hizo pampu zote, yeye aandike nini mbele ya jina lake?