Wimbo unaweza kubadili sheria kweli?

Swali: Wakuu, mimi naimba kwaya. Kila siku tunaambiwa muziki unaleta haki. Haki ipi, kama watu wanacheza kisha wanakwenda kulala?

Jibu: Mwaka 1963 mwimbaji wa Afrika Kusini, Miriam Makeba, alizungumza Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi. Serikali ya Afrika Kusini ikapiga marufuku nyimbo zake. Kama hazina makali, waliogopa nini?

Jibu: Sawa, ila makaburu hawakung'oka kwa nyimbo tu. Kulikuwa na migomo, vikwazo, watu kufia jela. Wimbo ulikuwa na kazi yake: mazishini mmoja anaanzisha, umati mzima unaitikia. Polisi wamkamate nani?

Muuliza swali: Hapo kwenye kuitikia nimekupata. Kwetu kila mtu anataka kuanzisha.