Ziwa la shehia karibu na Ngezi: tuchunguze nini kabla ya kulirejesha?

Mjumbe wa Konde
Assalaam alaikum. Kamati yetu ya uhifadhi, upande wa Konde, Pemba, imekusudia kulirejesha ziwa dogo la maji baridi ambalo kingo zake zimekanyagwa na ng'ombe na kumegwa na makonde ya mpunga, ili wageni wanaokwenda Msitu wa Ngezi na pwani ya Vumawimbi wapate sababu ya kupita kwetu. Ziwa hili hukauka kila kiangazi, na baadhi ya wajumbe wanataka lichimbwe lishike maji mwaka mzima, kisha tupandikize perege. Nimeomba kwanza tuchunguze viumbe na mimea iliyopo. Tuanzie wapi?

Mpenda Vyura
Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Nakuombeni msilichimbe kabla hamjahesabu mwaka mzima. Ziwa linalokauka halijafa: kwa kuwa samaki wengi hawadumu humo, viluwiluwi na watoto wa kerengende hukua bila ya kuliwa, na mbegu hulala topeni zikingoja masika. Mkipandikiza perege, vyura ndio watakaolipa.

Vuteni kamba kutoka ukingo mkavu hadi katikati ya maji. Kila baada ya mita 2 wekeni fremu ya mraba yenye upande wa nusu mita, muandike mimea iliyomo, kiasi ilichofunika, na kina cha maji mahali hapo. Kamba hiyo itakuonyesheni ndago zinaishia wapi na mayungiyungi yanaanzia wapi, na hapo ndipo mtakapojua kipi kipandwe na kipi kiachwe kiote chenyewe. Wadudu wa majini wavuliwe kwa wavu wa mkono, kwa muda ule ule kila mahali, ama sivyo hesabu hazitalinganishika. Ndege wahesabiwe alfajiri, vyura wasikilizwe usiku baada ya mvua. Rudieni katika vuli, kwani ndege wahamao kutoka kaskazini huwa wameshawasili, na hesabu ya Juni peke yake haitawaona.

Bi Afya, Wete
Naongeza jambo moja ambalo lisiachwe. Konokono wa majini waandikwe pia, kwani wapo wanaobeba kichocho, na huweza kujificha topeni ziwa likikauka wakafufuka mvua ikinyesha. Wanaochunguza wavae viatu virefu vya mpira na glavu, na waepuke maji ya mchana, wakati ambapo vimelea hutoka kwa wingi. Mgeni asiruhusiwe kabisa kuingia majini. Jengeni jukwaa la mbao.

Mzee wa Micheweni
Wanangu, waulizeni pia kina bibi waliokuwa wakikata ukindu wa kusukia mikeka. Ukindu hupenda ardhi yenye maji, kwa hivyo wao wanajua ukingo wa zamani ulipopita, hata pale ambapo leo pana mpunga. Kamba yenu ianzie huko.

Mjumbe wa Konde
Ahsanteni sana. Mzee wangu, shikamoo. Hilo la ukindu halikutupitikia, nasi tutakwenda na kina bibi kabla ya kufunga kamba ya kwanza. Jukwaa nitapendekeza liwe upande mmoja tu, na upande wa pili uachiwe ndege. Suala la perege nitaiomba kamati iliahirishe mpaka masika mawili yapite.