Hivi kuna kipimo cha kujua kama mashine inajitambua kweli?

Mdadisi77
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua, wanaoyajua haya mambo wanisaidie. Hizi programu za akili mnemba ukiiuliza "wewe unajitambua?" inaweza ikakujibu ndiyo kwa maelezo marefu yenye hisia, ukigeuza swali kidogo inakana inasema mimi ni programu tu. Majibu yote mawili yametoka kwenye mashine ileile, sasa nishike lipi? 2022 injinia mmoja wa Google, Blake Lemoine, alijitokeza hadharani akasema programu yao ya LaMDA inajitambua maana walipokuwa wakiongea ilimwambia inaogopa kuzimwa, kampuni ikakataa na baadaye ikamfukuza kazi. Sitaki tubishane nani alikuwa sahihi, ninachotaka kujua ni je, angetumia kipimo gani? Maana hata mimi nikikwambia najitambua unaniamini kwa maneno yangu tu, hujawahi kuingia kichwani kwangu ukaona.

BintiBaiolojia
Kaka, kwa wanyama kipimo kinachojulikana zaidi ni cha kioo. Gordon Gallup alikitoa 1970, aliwaacha sokwe wakazoea kioo siku kadhaa, afu akawapiga dawa ya usingizi akawapaka rangi nyekundu juu ya jicho na kwenye sikio, rangi isiyo na harufu wala haisikiki kwenye ngozi. Walipoamka wakajiona kwenye kioo wakaanza kujigusa palepale penye rangi. Yaani hawakugusa kioo, walijigusa wenyewe, na hapo ndo penye uzito wote. Tumbili aliowapima nao hawakuweza. Baadaye pomboo wakaonekana wanaweza, na 2006 tembo jike anaitwa Happy kule New York alikuwa anagusa kwa mkonga alama aliyochorwa juu ya jicho, ila wenzake wawili waliopimwa pamoja naye hawakufanya hivyo. Sasa hao wawili tuseme hawajitambui? Mimi siwezi kusema hivyo, pengine alama ya rangi haiwahusu tu, tembo anajipaka matope kila siku.

Na mbwa ndo kabisa, kwenye kioo anafeli, ila maisha ya mbwa yako puani. Alexandra Horowitz alichapisha utafiti 2017, aliwapa mbwa mkojo wao wenyewe na mkojo wao uliochanganywa na harufu nyingine, wakawa wananusa ule uliobadilishwa kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukimpima kiumbe kwa mlango usio wake atafeli hata kama ndani yumo. Afu 2019 watafiti wa Japani wakatoa habari ya samaki mdogo anayesafisha wenzake vijidudu, kwamba akiona alama kooni mwake kwenye kioo anaenda kujisugua chini. Watu wakagawanyika, wapo waliosema basi samaki anajitambua na wapo waliosema basi kipimo ndo kibovu. Hapo unaona kabisa kuwa wengi walikuwa wameshaamua nani apite kabla ya kupima, na hilo linaniudhi sana kwenye fani yetu.

FundiKodi
Kwa mashine kipimo cha kioo hakina maana kabisa, naweza kuandika programu ya kamera na mkono wa roboti ikapita na ndani hakuna kitu zaidi ya kulinganisha picha. 2015 Selmer Bringsjord na wenzake Marekani walichukua roboti tatu, wakaziambia mbili zimepewa kidonge cha kububusha, yaani wamezizima sauti, wakaziuliza umepewa kidonge gani. Moja ikasimama ikasema sijui, ikasikia sauti yake yenyewe, ikajirekebisha ikasema samahani sasa najua, mimi sikupewa cha kububusha. Kazi nzuri, lakini ni mantiki iliyowekwa mle na watu, na Bringsjord mwenyewe hakudai kwamba roboti ina uhai wa ndani.

Shida ya hizi programu za kuongea ni kubwa zaidi, zimefundishwa kwa maandishi yetu, na maandishi yetu yamejaa watu wanaosema naogopa, naumia, najijua. Sokwe wa Gallup hakuwahi kusoma popote kwamba anayejitambua hugusa alama, ndo maana kitendo chake ni ushahidi. Mwanafunzi aliyeiba karatasi ya majibu huwezi kumpima kwa mtihani uleule. Mwanafalsafa Susan Schneider na mwanaanga Edwin Turner wakapendekeza ufungie mashine, usiipe kabisa maandishi yanayohusu ufahamu wala hisia, halafu uone kama yenyewe itaanza kuuliza mambo hayo. Ni wazo zuri ila hizi za sasa zimeshasoma kila kitu, ingebidi kuanza upya.

NesiMwenzenu
Naomba niongeze upande ambao watu wanasahau, wapo binadamu wanaofeli vipimo vyote vya kawaida ila ndani wamo, fahamu wanazo. 2006 Adrian Owen na timu yake walimpima dada wa miaka 23 aliyeumia ubongo kwenye ajali, anafungua macho ila haitikii chochote, wakamweka kwenye MRI, mashine inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, wakamwambia ajifikirie anacheza tenisi, kisha ajifikirie anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake. Ubongo ukawaka sehemu zilezile zinazowaka kwa mtu mzima wa afya. 2010 wakapima wagonjwa 54, watano wakaweza kufanya hivyo kwa hiari, na mmoja akawa anajibu maswali, tenisi ikiwa ndiyo na nyumba ikiwa hapana. Kwa hiyo ndugu zangu mtu kutojibu si ushahidi kwamba hayupo, na hili kwetu wodini si falsafa, ndo linaamua unaongea nini pembeni ya kitanda cha mgonjwa.

Mdadisi77
Dada Nesi asante sana. Sasa mbona kwa huyo mgonjwa tuliangalia ndani ya ubongo, kwa mashine tunashindwa nini kuangalia ndani? Si namba zote zinazoiendesha tunazo?

FundiKodi
Hatushindwi, na mimi ndo naona njia iko huko. 2025 watafiti walianza kuingiza wazo fulani moja kwa moja kwenye namba za ndani za modeli, yaani hiyo programu ya kuongea, kisha wanaiuliza, kuna kitu unakiona akilini mwako? Mara nyingi inakosa, mara chache inakitaja kwa usahihi kabla hata hakijaonekana kwenye maneno iliyoandika. Hicho angalau ni kipimo chenye jibu unaloweza kulihakiki, kwa sababu aliyeingiza anajua ameingiza nini. Kinapima kama inayoyasema kuhusu ndani yake yanafanana na yaliyomo ndani yake kweli. Kama kuna anayehisi chochote mle hakiwezi kukwambia, na kwa hilo hata MRI ya Owen inaegemea kwamba sisi na yule dada tuna ubongo wa aina moja. Kwa mashine hatuna pa kuegemea, kwa hiyo mimi atakayeniambia amepima akakuta ipo au haipo nitamuuliza kwanza alipima nini.

BintiBaiolojia
Na umuulize pia kama aliyepimwa alipimwa kwa mlango wake.