Nokturni ya mtindo wa Chopin kwa akili mnemba: kwa nini muziki unapotea njia baada ya nusu dakika?

Kayamba_Nyali aliuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu. Natayarisha muziki wa filamu fupi isiyo na mazungumzo, na mwelekezi ameniomba kipande cha piano cha dakika nne hivi chenye hulka ya nokturni (vipande vya piano vyenye hisia za usiku) za Chopin, mtunzi wa karne ya 19: mkono wa kushoto utulie katika mwendo mmoja, melodi iimbe juu yake, na katikati ipite dhoruba kabla ya utulivu kurejea. Nimejaribu huduma ya akili mnemba inayotoa sauti iliyokamilika kutokana na maelezo ya maandishi. Nusu dakika ya kwanza inapendeza kiasi kwamba mwelekezi alidhani ni rekodi ya zamani. Baada ya hapo muziki unaendelea tu: melodi ya mwanzo hairudi, dhoruba haiji, na mwisho unafifia bila kutua kwenye ufunguo (ngazi ya noti ambayo muziki unauona kama nyumbani) ulioanzia. Nimerefusha maelezo, nikataja ufunguo, mwendo na muundo wa sehemu tatu, lakini mabadiliko ni madogo.

Je, kasoro hii inatokana na namna ninavyoandika maelezo, au ni tabia ya mashine zenyewe? Na je, kuna njia ya kupata noti badala ya sauti, ili mpigapiano wetu aipige mwenyewe?

Mwalimu_wa_Piano alijibu:

Ndugu Kayamba, usiyalaumu sana maelezo yako. Kinachoigwa kwa urahisi ni rangi ya muziki wa Kiromantiki: pedali nzito, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za saba zilizopunguzwa, na melodi inayoegemea noti jirani kabla ya kutua. Hayo yote yanasikika ndani ya sekunde chache. Yanayoifanya nokturni isimame hutokea kwa masafa marefu zaidi, kati ya ukurasa mmoja na mwingine.

Chukua Nokturni ya opasi (yaani kazi iliyochapishwa) 9 namba 2, iliyochapishwa mwaka 1832. Mkono wa kushoto unashika desturi moja karibu hadi mwisho, yaani besi ikifuatwa na kodi, katika mapigo ya 12/8. Melodi ileile inarudi mara kadhaa, na kila inaporudi imeongezewa mapambo, kama mwimbaji wa taarabu anavyorudia kibwagizo kwa madoido mapya. Msikilizaji anayafurahia mapambo hayo kwa sababu anakumbuka melodi ilivyokuwa tupu hapo mwanzo. Mashine iliyosahau melodi ya kwanza haina cha kupamba, ingawa mapambo inayo tele.

Kuhusu dhoruba, nakuomba uchambue Preludi (kipande kifupi cha piano) ya Chopin ya E maina, opasi 28 namba 4, kabla hujaigusa tena kompyuta. Ina vipimo 25 tu, yaani mafungu ya mapigo yanayotengwa kwa mistari kwenye karatasi ya noti. Mkono wa kushoto unarudia kodi ambazo noti zake zinashuka moja moja, mara nyingi kwa nusu toni, huku mkono wa kulia uking'ang'ania noti ya B na jirani yake C. Nusu ya pili inaanza kama ya kwanza, nawe unadhani unajua yatakayofuata. Kisha kwenye vipimo vya 16 na 17 muziki unaharakishwa na kupewa nguvu, halafu unanywea hadi kwenye ukimya ulioshikiliwa, na baada yake kodi tatu za mwisho. Ukisikiliza vipimo hivyo viwili peke yake, hutaona ajabu yoyote. Nguvu yake inatokana na jinsi vipimo vilivyotangulia vilivyojizuia.

Kwa hiyo mpango wa kipande uchore wewe. Tunga melodi ya vipimo vinane, amua itarudi wapi, na uamue ufunguo wa dhoruba. Chopin mwenyewe, katika Preludi namba 15 ya mkusanyo huohuo, alitoka D flati meja akaingia C shapu maina. Mashine uiombe mambo madogo: namna mbalimbali za kuipamba melodi yako, au njia tofauti za kutoka kwenye dhoruba kurudi nyumbani. Nyingi utazitupa.

Fundi_Data alijibu:

Naongezea upande wa hesabu, kwa sababu swali la pili la Kayamba lina mtego.

Mashine za kutoa sauti hujifunza mawimbi ya sauti yaliyogandamizwa. Sekunde moja ya sauti yenye ubora wa sidii ina sampuli 44,100 kwa kila spika, na hata baada ya kugandamizwa, dakika nne hubaki kuwa mfuatano mrefu mno. Mashine za kutoa noti zina mzigo mwepesi zaidi. Mfano unaofahamika ni Music Transformer, uliotolewa mwaka 2018 na watafiti wa Magenta, mradi wa Google. Ulichukulia upigaji wa piano kama lugha yenye matukio 388: kubonyeza kitufe (128), kukiachia (128), kusogeza muda mbele (100) na viwango vya nguvu (32). Mashine inatabiri tukio moja baada ya jingine, na iliundwa kwa namna inayoiwezesha kupima umbali kati ya tukio la sasa na yaliyotangulia. Ndiyo sababu iliweza kurudia wazo la mwanzo vizuri kuliko zilizoitangulia, ingawa haikufika kwenye umbo analolieleza Mwalimu.

Sasa mtego wenyewe. Hifadhi ya data iitwayo Maestro, inayotumiwa sana kufundishia mashine za aina hii, ina takriban saa 200 za upigaji uliokusanywa kutoka mashindano ya kimataifa ya piano, kwa ala za Yamaha Disklavier zinazorekodi kila kitufe na pedali. Wapigaji hao wanachelewesha na kuharakisha mapigo kama mtindo unavyotaka, na mashine inajifunza uchelewaji huo pamoja na noti. Haijui kipimo kinaanzia wapi. Ukilifungua faili lake la MIDI (linalohifadhi vitufe vilivyobonyezwa badala ya sauti) ndani ya MuseScore, programu ya kuandikia noti, utaona msitu wa noti fupi zilizofungwa kwa mistari na mapumziko yasiyo na maana, na mpigapiano wako atakurudishia karatasi.

Njia ya kuepuka ni kutumia mashine iliyofunzwa kwa alama za vipimo na nafasi za mapigo, mbinu iliyoenea tangu mwaka 2020, au kuweka mapigo kwa mkono ndani ya programu ya kurekodi kabla ya kuhamishia noti kwenye karatasi. Kazi hii ya pili inachosha, lakini ukiomba vipande vya vipimo vinane kama Mwalimu alivyoshauri, inavumilika.

Sauti_ya_Besi alijibu:

Naheshimu hoja za Mwalimu, ila naona ameharakisha kuufunga mlango, kana kwamba mashine haiwezi kushika umbo refu. David Cope, wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, alianza katika miaka ya 1980 kuunda programu iliyovunjavunja kazi za mtunzi na kuziunga upya, na miongoni mwa matokeo yake zimo mazurka za mtindo wa Chopin zenye mwanzo, kati na mwisho. Programu ile haikujifunza kwa saa 200 za chochote. Ilipewa kazi chache zilizochaguliwa, pamoja na kanuni za kulinda nafasi ya kila kipande katika sentensi ya muziki. Umbo refu, basi, linawezekana pale linapofundishwa waziwazi.

Nakubali kwamba Cope ndiye aliyechagua cha kuingiza na cha kutoa. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa Simfoni ya Kumi ya Beethoven iliyopigwa Bonn tarehe 9 Oktoba 2021: mashine ilipendekeza miendelezo mingi ya rasimu alizoziacha Beethoven, na mtunzi Walter Werzowa akachagua na kuunganisha. Mimi binafsi niliisikiliza nikaona inatembea kwa heshima mno, pasipo ile jeuri ya Beethoven ya kukatiza jambo linapopendeza.

Mwalimu_wa_Piano alijibu:

Ndugu Besi, mazurka ni dansi yenye sentensi fupi za kurudiwa, kwa hiyo inamfaa mtu wa kuunga vipande. Lete balada ya mtindo wa Chopin, yenye dakika tisa na wazo moja linalogeuka sura hadi mwisho, nami nitafungua mlango kwa mikono miwili.

Mshauri_Hakimiliki alijibu:

Jambo moja ambalo halijaguswa: filamu itaoneshwa hadharani, kwa hiyo haki zake zipangwe mapema. Chopin alifariki mwaka 1849, na noti zake hazina mwenyewe tena. Rekodi za wapigaji wa siku hizi bado zina wenyewe. Maestro yenyewe imetolewa kwa leseni isiyoruhusu matumizi ya kibiashara, hivyo masharti ya mashine yoyote iliyofunzwa kwayo yasomwe kwa makini.

Kuhusu nani atakuwa mtunzi, nchi hazikubaliani. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza Januari 2025 kwamba kuandika maelezo pekee hakumpi mtu haki ya utunzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001, kama ile ya Uingereza ya mwaka 1988, inamtambua aliyefanya mipango iliyowezesha kazi iliyotengenezwa na kompyuta. Kwa vyovyote vile, Kayamba, hifadhi melodi yako ya kwanza, mapendekezo ya mashine na masahihisho ya mpigapiano, kila kimoja kwa tarehe yake.

Kayamba_Nyali aliandika:

Nawashukuru nyote. Melodi ya vipimo vinane nimeshaiandika, katika A flati meja, na dhoruba nitaipeleka F maina. Fundi, nikiiomba mashine mapambo ya melodi hii pekee, niipe na mkono wa kushoto pia?

Fundi_Data alijibu:

Ndiyo, ipe, lakini uweke noti zake kwenye mapigo kamili, bila uchelewaji wowote. Uchelewaji aachiwe mpigapiano.