Chumba cha vioo au makuti pembeni ya bwawa?

Jambiani_Kwetu: Assalaam alaykum. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nina kijumba cha wageni, bwawa lishamwagwa zege bado taili tu. Sasa pembeni nataka chumba cha kubadilishia nguo, mataulo yakae, na watu wapumzike. Shemegi yangu yuko Leicester, Uingereza, kanitumia picha za vile vyumba wanavyobandika nyuma ya nyumba, ukuta kioo, paa kioo, nkavipenda kweli. Mke wangu anasema makuti. Fundi anasema bati. Nani yuko sawa?

FundiSlaidi_Mwera: Bwawa lina ukubwa gani? Mlango unaelekea wapi? Pwani mbali kiasi gani, na pampu itakaa humo humo au? Hivyo hivyo tu haijibiki sheikh.

Bint_Bwejuu: Mie swali langu jengine. Chumba cha kubadilishia nguo cha VIOO? Yakhe 😂 stara iko wapi

KusiNaKaskazi: Afadhali dada umesema. Kule kina kazi yake, jua lao lile dogo likiingia ndani joto halitoki, ndo wanapata kuota. Waingereza walijenga jumba zima la vioo pale Kew, London, miaka ya 1840 ili mimea ya nchi za joto isife kwa baridi. Sasa weye joto unalo bure Jambiani, unalifungia ndani ulifanyie nini? Weka makuti, mteremko mkali maji yasituame, basi.

Jambiani_Kwetu: Bwawa mita 4 kwa 8, bahari naiona nikikaa barazani. Pampu kusema kweli sijaifikiria. Vioo ntaweka tinti.

FundiSlaidi_Mwera: Tinti inapunguza mwanga lakini kioo chenyewe kinapata moto kama chuma cha chapati. Mie sipingi vioo, ndo vinanilisha, ila paa ezeka kitu chengine, ukutani ueke madirisha ya slaidi pande mbili upepo wa kusi upite. Kioo kiwe temperedi, kikivunjika kinatoka punje punje kama chumvi ya mawe, sio kile cha kawaida kinachotoa visu na wageni wako peku. Na skrubu za stenlesi chukua za daraja la 316, zile za 304 kwa chumvi ya hapo zitatoka madoa mapema.

MzeeWaPampu: Ngoja niwaeleze lililonikuta. Nlikuwa nahudumia mabwawa huko kaskazini, kuna tajiri mmoja akajenga chumba hicho hicho, vioo mpaka juu, kizuri wallahi watu wanakipigia picha. Kaskazi ilipoanza, adhuhuri huwezi kukaa ndani hata dakika kumi. Akatia AC, jua linapika AC inapuliza, umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, ukawa unaliwa kama njugu, mwisho kaizima pakawa stoo. Akaweka ndoo mbili za klorini ya unga na madumu ya asidi pembeni yake, nkamwambia toa kimoja, akasema kesho. Ikaja masika, wageni hakuna, kikafungwa wiki tano. Siku nakwenda kufungua kitasa kimeshikana, nkakilazimisha, ufunguo ukakatikia ndani. Tukatoa kioo kimoja. Harufu iliyotoka nlirudi nyuma mpaka mnazini, macho yanachuruzika. Kumbe kifuniko cha ndoo moja hakikubanwa, hilo tu. Bawaba zote zimekuwa unga wa kahawia, ukigusa zinakubakia kidoleni, na mataulo ya buluu yamepauka upande mmoja tu, ule uliokuwa ukitazama ndoo. Tena asidi haikumwagika, maana hivyo viwili vikikutana ni gesi ya sumu, tungezika mtu. Sasa vioo au makuti mie sijui, lakini dawa zijengee kijibanda chake mbali, chenye matundu, na hata humo klorini na asidi zisikae pamoja.

Bint_Bwejuu: Pole mzee wangu. Ila makuti nayo msiyasifu sana. Yangu nishaezeka mara mbili, usiku komba wamefanya njia, vumbi na vijiti vinaangukia kwenye maji kichujio kinaziba. Na moto je? Cheche moja tu ya mishikaki.

KusiNaKaskazi: Hiyo ya kuezeka mara mbili sio makuti, ni fundi wako. Kayapanga mbali mbali abane pesa.

Bint_Bwejuu: Fundi wangu ni kaka yangu, chunga maneno.

KusiNaKaskazi: Samahani shemegi 😅

Bint_Bwejuu: Shemegi wa wapi wewe

Kijana_wa_Mkoani: Natoka nje ya mada jamani. Hicho chumba mbona kinafaa kuanikia karafuu? Sie huku Pemba mvua ya vuli ikitukuta zimo majamvini tunakimbia kama vichaa kukunja, mpaka bibi anakimbia.

MzeeWaPampu: Karafuu inataka jua na upepo mwanangu. Ukiifungia itatoka jasho ipauke, na bei ndo imekwenda.

FundiSlaidi_Mwera: Si ukiacha wazi chini na juu? Hewa ya moto inapanda yenyewe inatoka. Nshamfungia mama mmoja cha mwani, cha nailoni lakini sio kioo, anakausha hata siku ya mawingu.

Kijana_wa_Mkoani: Nailoni hiyo mita bei gani kaka?

Jambiani_Kwetu: Jamani na mie je? Mke wangu kasoma yote kasema si nlikwambia, halafu kafika kwenye komba kanyamaza. Pampu basi ikae wapi?

FundiSlaidi_Mwera: Mkoani njoo inboksi. Jambiani, wewe bado hujanambia mlango unaelekea wapi.